Matokeo ya Wanafunzi na Tathmini ya Mwalimu: Kinachopimwa, Namna Kinavyopimwa na Mipaka Yake

Na Mwandishi Wetu, Unguja

Kila mara matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, skuli za Zanzibar huanza kupangwa vinywani mwa watu. Wazazi hulinganisha skuli ya shehia yao na ya jirani, skuli za Mjini hulinganishwa na za mashamba, na swali moja hufuata bila ya kukawia: mwalimu gani amefundisha na yupi hakufundisha? Swali hilo ni la haki. Mshahara wa mwalimu wa skuli ya Serikali hutokana na fedha za umma, na mtoto anayekaa darasani miaka kadhaa bila ya kujifunza hupoteza muda ambao haurudi. Kwa upande wa pili, mwalimu anayehukumiwa kwa kipimo kisichomhusu hupoteza heshima yake, na skuli huweza kumpoteza mwalimu mzuri.

Makala haya yanaeleza namna matokeo ya wanafunzi yanavyoweza kutumika katika kutathmini utendaji wa mwalimu, tofauti iliyopo kati ya ufaulu na hatua aliyopiga mwanafunzi, pamoja na mipaka ya vipimo hivyo. Hayatangazi utaratibu mpya. Yanakusudia kumwezesha mwananchi kuyasoma matokeo kwa uelewa.

Msingi wa jambo hili Zanzibar

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza elimu bila ya malipo. Tangazo hilo lilifungua milango ya skuli kwa watoto wa wakulima, wavuvi na wafanyakazi bila ya ubaguzi. Kwa msingi huo, mwalimu wa skuli ya Serikali hachagui wanafunzi. Humpokea aliyefundishwa kusoma nyumbani pamoja na ambaye hajawahi kushika kitabu, na wote hukaa darasa moja. Kipimo chochote cha kazi yake hakina budi kuzingatia hali hiyo.

Taasisi kadhaa zinahusika na suala hili. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali husimamia sera na walimu. Taasisi ya Elimu Zanzibar hutayarisha mitaala. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Elimu hukagua ubora wa ufundishaji katika skuli. Baraza la Mitihani la Zanzibar huendesha mitihani ya taifa ya darasa la nne, ya mwisho wa elimu ya msingi na ya kidato cha pili, wakati mitihani ya kidato cha nne na cha sita husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Walimu wa Serikali, kama walivyo watumishi wengine wa umma, huongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Nam. 2 ya mwaka 2011.

Ufaulu na hatua

Ufaulu ni hali ya mwanafunzi siku ya mtihani. Huonesha kama amefikia kiwango kilichowekwa, na taarifa hiyo ni muhimu kwa mzazi, kwa mwajiri na kwa skuli itakayompokea. Hatua ni umbali alioutembea mwanafunzi kutoka alipokuwa hadi alipofika. Kipimo hiki huhitaji alama mbili: ya kuanzia na ya kumalizia.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa madarasa mawili katika somo la Kiswahili. Darasa la kwanza lipo Mjini. Katika mtihani wa darasa la nne wanafunzi wake walipata wastani wa alama 62, na mwisho wa elimu ya msingi walipata 66. Darasa la pili lipo katika kijiji cha pwani ya mashariki. Wanafunzi wake walianza na wastani wa 31, wakamaliza na 45. Kwa kuangalia ufaulu, darasa la Mjini limeshinda kwa alama 21. Kwa kuangalia hatua, darasa la kijijini limepanda alama 14 na la Mjini alama 4.

Hata hivyo kutoa alama ya mwanzo katika alama ya mwisho hakutoshi, kwa kuwa mitihani miwili tofauti haiwi na ugumu mmoja. Aidha, mwenye alama 95 hana nafasi kubwa ya kupanda, na mwenye alama za chini sana mara nyingi hupanda kidogo mtihani unaofuata hata kama hakuna kilichobadilika darasani. Kwa sababu hiyo wataalamu wa upimaji hutumia alama tarajiwa. Huwachukua wanafunzi wote wa nchi waliopata alama fulani hapo mwanzo, na kuangalia wastani walioupata baadaye.

Tuseme wanafunzi wote waliopata 31 katika darasa la nne walikuja kupata wastani wa 38, na wote waliopata 62 walikuja kupata 68. Darasa la kijijini, lenye 45, limevuka matarajio kwa alama 7. Darasa la Mjini, lenye 66, limepungukiwa na alama 2. Hapa ndipo kipimo cha hatua kinapoleta faida yake: humwonesha mwalimu wa kijijini kuwa anafanya kazi nzuri, jambo ambalo orodha ya ufaulu ingelificha, na huishtua skuli yenye jina kubwa ambayo imekuwa ikiishi kwa sifa ya wanafunzi inaowapokea. Jambo hili lina uzito zaidi kwa skuli zinazopokea wanafunzi waliochaguliwa kutokana na ufaulu wao, zikiwemo za michepuo. Alama nzuri za skuli hizo huanzia katika uchaguzi wa wanafunzi kabla ya somo la kwanza kufundishwa.

Hatua ya skuli na hatua ya mwalimu

Mfano uliotangulia una neno moja linalohitaji kuangaliwa kwa makini, nalo ni "darasa". Kati ya mtihani wa darasa la nne na ule wa mwisho wa elimu ya msingi hupita zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo mwanafunzi huenda akafundishwa Kiswahili na walimu wawili au watatu. Mmoja huhamishwa, mwengine huenda likizo ya uzazi, na wa tatu hupokea darasa miezi mitatu kabla ya mtihani. Alama 7 za ziada ni kazi ya wote hao, pamoja na mwalimu mkuu aliyewapangia vipindi. Kwa hiyo hatua inayopatikana kutokana na mitihani ya taifa ni kipimo cha skuli. Kumbebesha mwalimu mmoja aliyekutwa darasani mwaka wa mtihani sifa zote au lawama zote ni kumpa kisichokuwa chake.

Ili kuipata hatua ya mwalimu mmoja, panahitajika upimaji wa mwanzo na wa mwisho wa mwaka uleule, kwa wanafunzi walewale na kwa mada alizozifundisha yeye. Majaribio hayo hayana budi kutungwa kwa kiwango kimoja na kusahihishwa na mtu asiyefaidika na matokeo yake. Mwalimu akitunga, akisimamia na kusahihisha mwenyewe mtihani utakaoamua daraja lake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, alama zake zitatiliwa shaka.

Ukubwa wa darasa nao hubadilisha maana ya namba. Katika darasa la wanafunzi 20, mwanafunzi mmoja aliyeugua na kushuka alama 40 hupunguza wastani wa darasa zima kwa alama 2. Hizo ndizo alama 2 zilizolitia doa darasa la Mjini katika mfano wetu. Katika darasa la wanafunzi 80, mwanafunzi huyohuyo hupunguza nusu alama tu. Ndiyo maana tofauti ndogo ya mwaka mmoja haipaswi kutolewa hukumu. Huhitajika matokeo ya miaka miwili au mitatu ili kuona kama mwelekeo ni wa kudumu.

Mambo ya Unguja yanayoingia katika alama

Yapo mazingira ya visiwa vyetu ambayo mkokotoaji asipoyafahamu atayahesabu kuwa ni ufundishaji mbaya au mzuri. Kwanza ni lugha. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia Hisabati na Sayansi kuanzia darasa la tano. Mwanafunzi aliyefanya Hisabati kwa Kiswahili katika darasa la nne, kisha akaifanya kwa Kiingereza, hupimwa mambo mawili kwa pamoja. Akishuka, hesabu haisemi kama ameshindwa kugawa sehemu au ameshindwa kulielewa swali. Kwa sababu hiyo mfano wetu umetumia somo la Kiswahili.

Pili ni mikondo. Skuli yenye mkondo wa asubuhi na wa mchana huwapa wanafunzi wa mchana saa za joto, nao hufika wakiwa tayari wameshinda na kazi za nyumbani. Tatu ni mahudhurio. Katika vijiji vya pwani, msimu wa dago, kilimo cha mwani na kazi za utalii huwavuta baadhi ya watoto nje ya darasa. Nne ni masomo ya ziada. Mtoto wa Mjini ambaye mzazi wake humlipia tuisheni jioni huongeza alama ambazo kipimo humpa mwalimu wa asubuhi. Hakuna hata moja kati ya haya linalomwondolea mwalimu wajibu wake. Yanachohitaji ni kulinganisha mwalimu na walimu wanaofundisha katika hali inayofanana na yake.

Yaliyojifunzwa kwengine

Fikra ya kumlipa mwalimu kwa matokeo ni kongwe. Nchini Uingereza, kanuni ya mwaka 1862 iliyosimamiwa na Robert Lowe ilifungamanisha ruzuku ya skuli na mahudhurio pamoja na mtihani wa kila mtoto wa kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Wakaguzi, akiwemo mshairi Matthew Arnold, walilalamika kuwa ufundishaji umekuwa wa kukaririsha. Utaratibu huo uliondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya 1890.

Nchini Kenya, watafiti walifuatilia mpango wa zawadi kwa walimu wa skuli 50 za msingi za Busia na Teso katika miaka ya 1998 na 1999. Zawadi zilitegemea matokeo ya mitihani ya wilaya. Alama za mitihani hiyo zilipanda, lakini wanafunzi walipopewa mtihani mwengine usiofungamana na zawadi, ongezeko halikuonekana. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika, na kilichoongezeka ni vipindi vya kujitayarisha kwa mtihani. Mpango huo hata hivyo ulikuwa na kifungu cha busara: mwanafunzi asiyefika kwenye mtihani alihesabiwa alama ya chini, ili skuli isipate faida kwa kuwaacha nje walio dhaifu.

Umuhimu wa kifungu cha namna hiyo ulionekana Tanzania Bara. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza mwaka 2013, skuli za msingi zilipangwa hadharani kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Utafiti uliofanywa baadaye ulibaini kuwa skuli zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama, na wakati huohuo idadi ya wanafunzi waliofanya mtihani katika skuli hizo ilipungua. Wastani unaopanda kwa sababu walio dhaifu hawakufanya mtihani hauwi na maana ya kuwa watoto wamejifunza zaidi.

Jaribio la KiuFunza, lililoendeshwa na Twaweza Tanzania Bara mwaka 2013 na 2014 katika skuli 350 za wilaya 10, lina somo jengine. Kundi moja la skuli lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili liliahidiwa malipo ya walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu somo la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata yote mawili, na skuli zilizobaki zilikuwa za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za majaribio. Malipo peke yake yalileta matokeo yasiyo thabiti. Skuli zilizopata vyote viwili ndizo zilizopata ongezeko la wazi, kubwa kuliko jumla ya athari za makundi mawili ya mwanzo. Kwa maneno mengine, mwalimu aliyepewa nyenzo bila ya msukumo, au msukumo bila ya nyenzo, hakuweza kufanya alichofanya mwenye vyote.

Marekani ndiko vipimo vya hatua vilikotumika kwa upana zaidi. Jimbo la Tennessee liliingiza katika sheria yake ya mwaka 1992 utaratibu uliobuniwa na mtakwimu William Sanders, na baadaye majimbo mengi yalifuata. Mwaka 2014 Jumuiya ya Watakwimu ya Marekani ilitoa tamko la tahadhari. Ilieleza kuwa, kwa tafiti nyingi, mwalimu huchangia kati ya asilimia 1 na 14 ya tofauti zilizopo katika alama za wanafunzi, na kwamba kuwapanga walimu kwa alama hizo pekee kunaweza kudhuru ubora wa elimu. Mjini Houston, Texas, mahakama ya shirikisho mwaka 2017 iliruhusu kesi ya walimu iendelee kwa hoja kuwa hawakuwa na njia ya kuzihakiki alama zilizoweza kuwaondoa kazini, kwa vile hesabu yake ilikuwa siri ya kampuni binafsi.

Nafasi ya alama katika tathmini

Kutokana na uzoefu huo, matokeo ya wanafunzi yana nafasi katika tathmini ya mwalimu, lakini huhitaji kuandamana na ushahidi mwengine. Ushahidi wa kwanza ni ukaguzi wa somo, ambapo mkaguzi au mwalimu mkuu hukaa darasani zaidi ya mara moja kwa mwaka akiwa na fomu inayojulikana na mwalimu. Wa pili ni kumbukumbu za kazi: azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya wanafunzi yanayoonesha kazi ngapi zimetolewa na kusahihishwa. Wa tatu ni mahudhurio ya mwalimu. Kenya ilianzisha utaratibu wa tathmini ya walimu wake mwaka 2016 kwa kujikita katika viwango vya ufundishaji vya aina hii.

Ushahidi huo huziba pengo jengine. Mwalimu wa maandalizi, wa michezo au wa elimu mjumuisho hana mtihani wa taifa unaobeba jina la somo lake. Tathmini inayotegemea alama peke yake ingewaacha nje walimu hao, au ingewapima kwa alama za masomo wasiyoyafundisha.

Alama na ushahidi vinapokubaliana, uamuzi huwa mwepesi. Vinapopingana, tathmini nzuri huchunguza kwanza. Mwalimu ambaye masomo yake ni mazuri na wanafunzi wake hawapigi hatua huenda anafundisha juu ya kiwango chao. Msaada wa Kituo cha Walimu na wenzake wa somo unaweza kumfaa kuliko barua ya onyo. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hupanda kwa kasi huku hana andalio wala madaftari yaliyosahihishwa naye ana jambo la kueleza.

Masharti ya haki

Kabla ya alama za wanafunzi kugusa cheo, uhamisho au ajira ya mwalimu, mambo sita yanahitajika:

1. Mwalimu ajulishwe mwanzoni mwa mwaka atapimwa kwa kitu gani na kwa uzito gani.
2. Orodha ya wanafunzi wanaohesabiwa kwake ihakikiwe naye, wakiondolewa waliohamia karibu na mtihani.
3. Wanafunzi wote waliosajiliwa wahesabiwe, wakiwemo wasiofika kwenye mtihani, na sababu za kutofika ziandikwe.
4. Matokeo ya zaidi ya mwaka mmoja yatumike.
5. Njia ya hesabu iwe wazi kiasi cha mtu mwengine kuweza kuirudia na kupata jibu lilelile.
6. Kuwepo na njia ya rufaa yenye muda maalumu wa kujibiwa.

Maswali kwa mzazi na kamati ya skuli

Matokeo yanapotangazwa, mzazi au mjumbe wa kamati ya skuli anaweza kuuliza maswali yafuatayo katika mkutano wa skuli. Wanafunzi wangapi walisajiliwa, na wangapi walifanya mtihani? Kundi hilihili lilipata nini katika mtihani uliotangulia? Skuli zilizoanza na alama kama zetu zimefika wapi? Somo lililoshuka limefundishwa na walimu wangapi katika miaka hii, na lilikaa muda gani bila ya mwalimu? Vitabu vilitosha? Na skuli imepanga kufanya nini muhula ujao kwa wanafunzi ambao hawajafikia kiwango?

Mwalimu mkuu mwenye kumbukumbu nzuri ataweza kuyajibu maswali hayo kwa daftari la mahudhurio, ratiba na orodha ya alama. Pale asipoweza kuyajibu, kamati itakuwa imejua kazi ya kuanza nayo kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa.